Stika ya i7 si kipimo: dhana potofu kuhusu laptopu za mtumba

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu Moi Avenue, Mombasa, kutafuta laptopu ya chuo. Muuzaji akatuwekea ThinkPad mbili za Lenovo mezani, T470 na T480, akaigonga kwa kidole ile yenye stika ya i7, akamwambia mpwa wangu: "Hii ndiyo mashine, dadangu. Hiyo i5 ni ya kuandikia barua tu." Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, tuchukue hii!"

Dhana: i7 huishinda i5 siku zote

i5 na i7 ni madaraja ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Usiishie hapo, tazama namba zinazofuata baada yake. Ile i7 ya T470 ilikuwa 7600U, kizazi cha saba, kori mbili (kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa). Ile i5 ya T480 ilikuwa 8250U, kizazi cha nane, kori nne. Ukifungua kazi nyingi kwa pamoja, i5 hiyo ndiyo itakayokubeba. Tena kuna zito zaidi. Huduma ya Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa nje mashine hizi ni kama pacha, lakini moja imeshaachwa na meli. Inaniuma kuona wanafunzi wakiuziwa hiyo kwa bei ya juu kwa ajili ya stika.

Dhana: RAM utaongeza baadaye

RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia inapofanya kazi. Kuiongeza kunategemea mashine. Fundi alilegeza skrubu za ile T480, akapitisha kadi ya plastiki ukingoni, klipu zikaachia moja moja, tik, tik. Ndani mlikuwa na nafasi mbili za RAM: moja ina kijiti cha 8GB, ya pili tupu, imejaa vumbi. Hapo ukipata pesa unachomeka kingine. Lakini T480s, yenye herufi s mwishoni, ina nafasi moja tu, RAM nyingine imelehemiwa kwenye ubao. ThinkPad nyingine, X280 na X1 Carbon, RAM yake yote imelehemiwa. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Wembamba unapendeza, ila uliza kwanza.

Dhana: prosesa ikichoka hubadilishwa

Kwa laptopu hizi, hapana. Nayo imelehemiwa. Badilisha diski, betri, na RAM pale isipolehemiwa.

Dhana: mpya ya bei ileile ni salama zaidi

Nyingi za bei hiyo huja na RAM ya 4GB na hifadhi ya eMMC, aina ya polepole, vyote vimelehemiwa. Ningechukua mtumba wa kizazi cha nane wenye SSD, diski ya kasi.

Dhana: ikiwaka, ni nzima

Hapa kwetu pwani, hewa ya chumvi hula shaba polepole. Mulika matundu ya chaja na USB kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani, weka chini. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, uandike powercfg /batteryreport, ufungue ripoti inayotoka, ulinganishe ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wa sasa. Muuzaji alisubiri kimya tukifanya yote hayo kwa ile T480. Matundu yalikuwa safi. Mpwa wangu akatoa simu, akalipa.