Je, wajua kwa nini mji wa Aspen una nyumba nyingi tupu lakini wafanyakazi wake hawana pa kulala?

Aspen ni mji mdogo wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, na jina lake linajulikana popote penye watu wanaopenda kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni. Uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iten ya wanariadha kule Kenya. Tofauti ni kwamba Aspen iko mbali sana kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo tangu Novemba mpaka Aprili milima yake minne ya skii huwa na theluji. Wakazi wa kudumu ni kama 7,000 tu.

Ukitembea huko jioni ya Januari utaona majumba makubwa yasiyo na taa hata moja, kwa kuwa wenyewe huja wiki chache tu kwa mwaka. Saa hiyo hiyo mpishi, mtandika vitanda na fundi wa lifti za kupandisha watu mlimani wako kituoni wanangoja basi. Wengine wanarudi Carbondale, wengine Glenwood Springs, zaidi ya kilomita 60 kushuka bondeni. Imekuwaje hivyo?

Sababu ya kwanza ni ardhi. Aspen imebanwa ndani ya bonde la mto Roaring Fork, na zaidi ya robo tatu ya ardhi ya kaunti yake, Pitkin, ni ya umma, hasa msitu wa taifa wa White River. Hapajengwi nyumba hapo. Juu ya hilo, miaka ya 1970 viongozi wa mji na kaunti waliamua kubana ujenzi ili bonde lisijae majengo. Walifanya vizuri, na uzuri wa pale leo unatokana kwa sehemu na uamuzi huo. Lakini nyumba zilibaki chache, wanunuzi wakaongezeka, bei ikapaa.

Na hao wanunuzi walitoka wapi? Aspen ilianzishwa mwaka 1879 na watafutaji wa madini ya fedha. Mwaka 1893 serikali ya Marekani iliacha kuinunua fedha kwa wingi, migodi ikafungwa, na kufikia 1930 walibaki watu 700 hivi. Nyumba za wachimbaji ziliuzwa kwa kiasi cha kulipia tu kodi iliyokuwa inadaiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili akarudi Friedl Pfeifer, Mwaustria aliyekuwa ameyaona mazingira hayo akiwa mwanajeshi wa Divisheni ya 10 ya Milimani ya jeshi la Marekani. Akashirikiana na Walter Paepcke, mfanyabiashara wa Chicago, na katika msimu wa 1946 na 1947 lifti ya viti ikaanza kupandisha watu Aspen Mountain. Vijana wakaja kwa ajili ya mlima tu, wakilala popote na kufanya kazi yoyote. Matajiri wakaja nyuma yao. Leo nyumba ya kawaida ya familia inauzwa kwa mamilioni ya dola, bei ambayo mwalimu au muuguzi hawezi hata kuiota. Mwenye nyumba asiyeitumia naye huona afadhali ampangishe mgeni kwa wiki moja kuliko mfanyakazi kwa mwaka mzima.

Hapa ndipo Aspen inaponivutia, kwa sababu haikukaa kimya. Kuna mamlaka ya nyumba ya mji na kaunti yenye nyumba zaidi ya 3,000 zilizotengwa kwa wanaofanya kazi pale. Masharti ni magumu, na ugumu huo ndio nguvu yake: lazima ufanye kazi saa 1,500 kwa mwaka ndani ya kaunti, na nyumba iwe ndiyo makazi yako hasa. Waombaji wakizidi, hupigwa bahati nasibu. Ukiinunua, bei yake haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au kiwango cha mfumuko wa bei kama hicho ni kidogo zaidi. Hivyo hutatajirika kwa kuiuza, lakini atakayekufuata ataimudu. Sehemu ya fedha za kujengea nyumba hizo hutokana na ushuru unaotozwa kila jengo linapouzwa mjini, yaani majumba yale yale ya kifahari husaidia kumpa makazi anayeyatunza.

Wafanyakazi wa msimu wana mpango wao. Nyumba za Marolt Ranch hukaliwa na wanafunzi wa tamasha la muziki wakati wa kiangazi, kisha majira ya baridi huingia wafanyakazi wa hoteli na wa milimani. Miongoni mwa wafanyakazi hao wa msimu wamo wanafunzi wa vyuo kutoka Peru, Argentina na Chile, maana likizo yao ndefu huangukia Desemba hadi Machi, wakati Aspen inahitaji mikono zaidi. Wanaoishi mbali hutegemea mabasi ya mwendokasi ya bondeni, yaliyoanza 2013 na yakawa ya kwanza ya aina hiyo katika eneo la mashambani nchini Marekani.

Vail, mji mwingine wa skii wa Colorado, ulichagua njia tofauti mwaka 2017. Badala ya kujenga tu, unamlipa mwenye nyumba ili hati ya nyumba hiyo iandikwe sharti la kudumu kwamba atakayeishi humo awe anafanya kazi katika eneo hilo.

Mgeni husifu ukarimu wa miji hii, na ukarimu huo ni wa kweli pale anayekupokea ni jirani wa hapo, ambaye watoto wake wanasoma hapo.

Sasa Aspen ina swali jipya. Waliopata nyumba hizo miaka ya 1980 wamestaafu, na sheria inawaruhusu kubaki, ilhali muuguzi aliyeajiriwa jana bado anatafuta chumba. Kuna wanaotaka wazee wahamie nyumba ndogo zaidi. Mimi naona mtu aliyeutumikia mji miaka 40 ana haki ya kuzeekea hapo, na kwamba muuguzi huyo ajengewe nyumba mpya.