Saa 72 hazingoji kikao: maswali kuhusu ubakaji, matibabu na kupona

Wengi wanaofikishwa hospitalini baada ya kubakwa, iwe ni Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma, huwa wamepitia kwingine kwanza: kwa kemisti, kwa mzee wa mtaa, kituo cha polisi, nyumbani kwa mchungaji. Wakifika kwetu wahudumu wa hospitali ni siku ya nne au ya tano, na dawa iliyokuwa muhimu kuliko zote haiwezi tena kusaidia. Maswali haya ndiyo yanayoulizwa kila mara na manusura na jamaa zao.

Kubakwa ni mpaka kuwe na vita na majeraha?

Hapana. Ni kuingiliwa bila ridhaa yako, basi. Aliyetishwa, aliyeleweshwa, aliyekuwa amelala, hao hawakuridhia. Aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa mbele ya sheria. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006 inaita kosa la kumwingilia mtoto huyo unajisi. Wavulana na wanaume wazima pia hubakwa, na matibabu yao ni yaleyale.

Kuhusu majeraha: wengi hawana hata mkwaruzo. Daktari akiandika kwamba hakuona jeraha, hajaandika kwamba hukubakwa. Na wale wanaoleta msichana "aangaliwe kama bado ni bikira" tunawaomba waache. Hakuna kipimo cha bikira. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka uchunguzi huo ukomeshwe tangu 2018, lakini bado unaombwa kana kwamba ni kupimwa malaria.

Nianzie polisi au hospitali?

Hospitali. Huhitaji namba ya OB (ya kitabu cha matukio cha polisi) ili utibiwe, wala P3 (fomu ya polisi ya kujazwa na mhudumu wa afya), wala barua ya chifu. Ukiambiwa na yeyote, hata awe mlinzi wa lango, kwamba urudi na karatasi ya polisi kwanza, usiondoke. Omba kumwona muuguzi au daktari wa zamu. Hospitali za rufaa kama Jaramogi pale Kisumu (ile wengi wanaiita Russia) na ile ya Nakuru zinahudumia wagonjwa mchana na usiku, na matibabu ya ubakaji katika hospitali za serikali ni bure.

Polisi utaenda, na ni vizuri uende. Ila kituo cha polisi hakifungi kesho. Dirisha la dawa linafunga.

Hizo saa 72 ni za nini?

Ni za PEP, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini. Virusi vikiingia haviko kila mahali papo hapo. Hukaa kwanza kwenye ngozi laini ya uke, njia ya haja kubwa au mdomo, halafu husafiri hadi kwenye tezi na kuanza kuzaana. Dawa ikivikuta njiani inavizuia. Vikishajichimbia ndani ya chembe za damu, PEP haiwezi kuving'oa. Kwa hiyo saa 72 ndio ukingo wenyewe, si muda wa kujipangia. Aliyemeza dozi ya kwanza saa mbili baada ya tukio ana nafasi nzuri kuliko aliyemeza saa sabini baadaye.

Dozi ya kwanza hutolewa papo hapo, kisha dawa humezwa kila siku kwa siku 28. Mtu mzima kwa kawaida hupewa kidonge kimoja kwa siku. Mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Utapimwa damu kwanza, kwa sababu aliye tayari na virusi anahitaji matibabu ya kudumu na si PEP, lakini kama hujawa tayari kupimwa siku hiyo, dozi ya kwanza utapewa hata hivyo.

Familia imepanga kikao na upande wa pili Jumapili. Si tungoje tusikie wazee watasema nini?

Msingoje. Fanyeni hesabu. Aliyebakwa Ijumaa saa nne usiku, muda wake wa PEP unaisha Jumatatu saa nne usiku. Kikao cha Jumapili baada ya kanisa huanza saa tisa, huisha giza limeingia, na karibu kila mara huahirishwa hadi Jumatano kwa sababu mjomba fulani hakufika. Jumatano tumeshachelewa. Mbuzi watatu au ng'ombe mmoja wa faini hawazuii virusi, hawazuii mimba, hawatibu kaswende.

Tena hamna mamlaka ya kuyamaliza. Ile Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haikumwachia mzazi wala mlalamishi uamuzi wa kusimamisha mashtaka ya ubakaji au unajisi. Uamuzi uko kwa mwendesha mashtaka mkuu wa serikali. Wazee wanaokubaliana faini kwa mtoto wa darasa la sita wanamfichia mhalifu, tena wengi wao wanajua hivyo. Na polisi wakilegea? Imewahi kutokea: mwaka 2013 huko Busia, washukiwa wa ubakaji wa msichana mmoja waliambiwa wakate nyasi za kituo kisha wakaachiliwa. Watu walipiga kelele nchi nzima, kesi ikafunguliwa, na baadhi ya washukiwa wakahukumiwa. Kikao cha wazee kisingefikisha pale.

Basi kama ni lazima mkae, kaeni. Ila mgonjwa awe ameshafika hospitali.

Nilinunua P2 kwa kemisti nikameza. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. P2, kidonge cha dharura, inazuia mimba tu. Haijui virusi, haijui kisonono. Hili ndilo kosa tunaloliona kwa wasichana wa vyuo na wanaokaa peke yao: wanameza P2, wanaoga, wanalala, wanajiambia yamekwisha. Umefanya vizuri kuimeza, sasa panda boda uje upate mengine: PEP, dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B (sindano kadhaa, ya kwanza siku hiyo), na ya pepopunda kama kuna kidonda. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza P2, irudie. Ukiwa unatumia dawa za kifafa au za kifua kikuu, mwambie daktari, maana baadhi zinapunguza nguvu ya P2 na dozi hubadilishwa.

Nimeshaoga na kufua nguo. Kuna haja ya kuja?

Njoo. Hilo lisikuzuie hata dakika moja. Kuoga kunapunguza ushahidi, hakupunguzi haja ya matibabu, na bado daktari anaweza kupata kitu.

Kama bado hujaoga, usioge, usijisafishe ndani kwa maji ya chumvi wala dawa ya kuua viini. Kujiosha ndani hakutoi virusi. Kunachubua ngozi na kuvifungulia mlango. Njoo na nguo ulizovaa, hata ukiwa umebadilisha. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi au uzifunge kwa gazeti, kila nguo peke yake. Usitumie mfuko wa plastiki: unyevu unabaki ndani, nguo zinaota ukungu, na maabara haina la kupima. Ukihisi ulitiliwa kitu kwenye kinywaji, sema mapema, kwa sababu mkojo wa kwanza ndio wenye majibu.

Fomu ni nyingi. Ipi ni ipi?

Mbili. PRC (fomu ya huduma baada ya kubakwa) hujazwa hospitalini mara ya kwanza unapohudumiwa, nakala tatu: moja ya polisi, moja yako, moja inabaki hospitalini. Chukua yako na uihifadhi pasipovuja. P3 hutoka polisi, hujazwa na mhudumu wa afya kutokana na yale yaliyoandikwa kwenye PRC. Ndiyo maana hospitali ikitangulia, hata ukichukua P3 wiki mbili baadaye, habari bado zipo. Fomu zenyewe haziuzwi. Soma kabla ya kutia sahihi. Jina likikosewa herufi moja, wakili wa upande wa pili atalishikilia.

Ni mume wangu. Nitatibiwa?

Utatibiwa. Hatuombi cheti cha ndoa. Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya 2015 inatambua ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na unaweza kuomba amri ya mahakama ya kukulinda.

Leo ni siku ya tano. Nimeshachelewa?

Umechelewa PEP. Hujachelewa mengine. P2 bado inaweza kusaidia hadi saa 120, ingawa nguvu yake hupungua kila siku. Dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo, kipimo cha mimba na ushauri bado vipo. Kipimo cha virusi kitarudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3. Katika muda huo tumia kondomu na mwenzako. Hakuna atakayekugombeza. Akikugombeza, omba mwingine.

Vidonge vya PEP vinanichafua tumbo. Naweza kuacha wiki ya pili?

Usiache. Meza baada ya chakula cha jioni, ulale. Kichefuchefu kwa wengi hupungua baada ya siku chache. Kikizidi, rudi ubadilishiwe, usijikatie mwenyewe. Jambo lingine linalokatiza dozi ni kupelekwa ocha, yaani kijijini. Msichana anapelekwa kwa nyanyake Siaya au Vihiga "mpaka watu wasahau", vidonge vinabaki mjini, mtaani Nyalenda au Kaptembwo. Akienda, aende na vidonge vyote, nakala yake ya PRC, na jina la kituo cha afya kilicho karibu na nyanyake ambako ataendelea na ushauri.

Kwa nini hakupiga kelele? Na mbona anasimulia leo hivi, kesho vile?

Kwa sababu mwili wenye hofu kuu haupigani kila mara. Mara nyingi huganda. Sauti haitoki, mikono haisogei. Si uamuzi wake. Na ubongo uliokuwa katika hofu hauhifadhi tukio kwa mpangilio wa mwanzo hadi mwisho. Hukumbuka harufu, taa, sauti ya mlango, kisha vipande vingine huja baadaye. Aliyesahau saa lakini anakumbuka rangi ya pazia hadanganyi. Mama mkwe, kaka, mwalimu mkuu: hilo swali la "kwa nini hukupiga kelele" liondoeni midomoni kabisa. Wapo waliofunga mdomo miaka ishirini kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kusikia.

Basi niseme nini?

Machache. "Nakuamini." "Si kosa lako." "Twende hospitali, nitakaa nawe." Halafu nyamaza na usikilize. Usidai habari zote. Akitaka kusimulia, asimulie, akikataa, mwache. Muulize kabla ya kumshika hata begani. Mwache aamue mambo anayoweza kuamua: nani aambiwe, aingie na nani kwa daktari, alale chumba kipi. Alinyang'anywa uamuzi, kwa hiyo kila uamuzi mdogo unaorudi kwake ni dawa. Na usisambaze habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ukiomba maombi. Hilo limewaumiza wengi, tena kwa nia njema.

Kupona kunachukua muda gani?

Wiki za kwanza, kukosa usingizi, kushtuka, ndoto mbaya, kulia au kutohisi chochote ni jambo la kawaida, na kwa wengi hutulia polepole. Yakiendelea zaidi ya mwezi, au akianza kukwepa shule, kazi au njia fulani kabisa, anahitaji mshauri aliyefunzwa kutibu kiwewe. Mwongozo wa Kenya unapendekeza vikao vitano vya ushauri. Wengi huja kimoja kisha hupotea kwa kukosa nauli, kwa hiyo familia ichangie nauli kama inavyochangia matanga. Akisema anataka kufa, au anazidisha pombe, usisubiri tarehe ya kliniki. Mlete siku hiyo.

Mchungaji anasema asamehe, asiseme tena.

Maombi ni sawa, na wengi hupata nguvu humo. Lakini kumlazimisha mtu asamehe ili nyumba itulie kunawafaa walio nyumbani kuliko yeye. Kusamehe, kama kutakuja, ni kwake, na hakuondoi kesi wala vidonge.

Yangu yalitokea 2008. Kuna maana ya kuyafukua?

Ipo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanawake na wanaume walibakwa Nakuru, Naivasha, Kisumu, Eldoret na kwingineko. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, iliyaandika. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliwapa fidia wanne kati ya manusura wanane walioishtaki serikali. Kwa afya, mlango haufungwi kamwe: maumivu ya nyonga yasiyoisha, hofu ya kulala na mwenzi, hasira isiyo na jina, hayo yanatibika hata leo. Mwambie mhudumu tu, "Kuna jambo lilinipata zamani." Si lazima umalize sentensi siku ya kwanza.

Mimi ni mama yake. Sili, silali.

Mwambie mshauri siku hiyohiyo ya kliniki ya mtoto, nawe upewe muda wako, si lazima upange foleni nyingine. Ukizidiwa usiku, piga 1195, namba ya bure ya ukatili wa kijinsia. Kwa mambo ya mtoto, 116, nayo ni bure. Watakusikiliza, watakuelekeza kituo kilicho karibu. Na kama saa 72 za mtoto hazijaisha, piga ukiwa njiani.