Kwa nini kizibo cheupe cha gego huharibikia ukingoni, si juu kunakotafuniwa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kizibo cheupe cha gego hufa kwa kusagika. Magego ndiyo mawe ya kusagia ya kinywa, na ile dawa nyeupe ya kujazia tundu la jino ni plastiki iliyochanganywa na unga wa kioo, kwa hiyo niliona wazi kwamba siku moja itakwisha. Kizibo cha gego langu la chini kilipoanza kunichoma kila nikinywa kitu cha baridi, nilimwambia daktari wa meno kuwa kimelika. Akanionyesha picha ya eksirei. Juu kizibo kilikuwa kizima, kimejaa vilevile. Tatizo lilikuwa chini, upande unaogusana na jino la jirani, karibu kabisa na ufizi: kivuli kidogo mfano wa kichwa cha pini, mahali ambapo ulimi haufiki wala kioo hakionyeshi. Jino lilikuwa limeoza upya pembeni mwa kizibo.

Imani ya kusagika ina asili yake, na zamani ilikuwa kweli. Mwaka 1955 mtafiti wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosfori kwenye enameli, ile ngozi ngumu ya jino, uso wake hupata vishimo vidogo ambamo rezini, yaani plastiki ikiwa bado majimaji, hujishikiza. Mwaka 1962 Rafael Bowen wa Marekani akapata hataza ya rezini ambayo mpaka leo ni msingi wa vizibo vingi vya aina hii, vinavyoitwa kompositi. Lakini kompositi za mwanzo zilikuwa na chembe kubwa za madini. Rezini iliyozunguka chembe ilikuwa ikilika kwanza, chembe zinabaki zimechomoza, kisha zinang'oka moja moja, na uso wote unashuka. Katika miaka ya 1970 kuiweka kompositi kwenye gego kulikuwa kubahatisha. Tangu hapo chembe zimepunguzwa hadi chini ya mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita), nyingine ni za kupimwa kwa nanomita, na kulika kwa uso hakumo tena miongoni mwa sababu kuu za kizibo kushindwa. Anayesaga meno usingizini bado ana la kuhofia, ingawa hata kwake hatari kubwa zaidi ni kizibo au jino lenyewe kuvunjika.

Watafiti waliofuatilia vizibo hivi kwa miaka kumi na zaidi hukuta sababu mbili zikiongoza: uozo mpya kwenye ukingo, na kuvunjika. Kwa wastani vizibo viwili hivi katika kila 100 hushindwa kwa mwaka, maana yake baada ya miaka kumi takriban 80 bado vinafanya kazi. Hesabu hizi zinatoka zaidi kwa madaktari na vyuo vinavyofanya kazi kwa utulivu, kwa hiyo haziahidi matokeo hayohayo kila mahali.

Basi swali la kuuliza ni kwa nini ukingo, na hasa ule wa chini.

Daktari anapoweka kompositi, huwa laini kama nta iliyopata joto. Anaimulika kwa taa ya buluu, na ndani ya sekunde kadhaa inakuwa ngumu. Kinachofanya kazi hapo mara nyingi ni kamfokwinoni, kemikali ya rangi ya njano inayonasa mwanga wa urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 470 na kuwasha mnyororo wa kuungana. Wafikirie watu waliojaa chumbani, kila mmoja amesimama umbali wa mkono mmoja na mwenzake. Inatolewa amri: shikaneni mabega. Watu ni walewale, ila sasa wamesogeleana, na kundi zima limejikusanya katikati. Ndivyo molekuli za rezini zinavyofanya. Kompositi inapokauka hupungua ujazo kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3.

Tuseme sasa wale wa pembezoni wamefungwa kamba kwenye kuta, kwa kuwa kizibo kimegundishwa kwenye jino. Kundi linavuta kuelekea katikati, kuta haziji. Ama kuta zitapinda kidogo kuelekea ndani, na kweli vilele vya gego hupinda kwa mikromita kadhaa zinazopimika. Ama kamba zitastahimili mvuto huo. Ama iliyo dhaifu kuliko zote itakatika. Umbo la shimo nalo lina neno. Tope lililotandazwa juu ya ubao hukauka likishuka kuelekea ubaoni bila matata mengi, kwa sababu upande wake wa juu uko huru. Tope lililojazwa kwenye kopo lenye kina huvutwa na kuta pande zote, na ndipo huachia kwenye kingo. Shimo la gego hufanana zaidi na kopo.

Kamba dhaifu iko chini. Kwenye kingo za juu gundi hushika enameli, ambayo asilimia 96 ya uzito wake ni madini: ni kavu na ngumu, na asidi huiandaa vizuri. Karibu na ufizi enameli huwa nyembamba au haipo, na gundi inabaki na dentini, tishu hai yenye maji, nyuzi za kolajeni na vijifereji vinavyopitisha majimaji. Gundi lazima ipenye katikati ya nyuzi hizo kabla hazijasinyaa, na zile isizozifunika hukatwakatwa na vimeng'enya miaka inavyopita. Ni hapohapo ambapo ncha ya taa iko mbali zaidi, na ambapo tone la damu au mate huingia kwa urahisi. Nikitazama haya yote kwa pamoja, kinachonishangaza ni kwamba vizibo vingi hivyo hudumu.

Ndiyo maana madaktari wengi hujaza tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2, ingawa siku hizi zipo kompositi za kumwagwa milimita 4 kwa mpigo. Hapa panahitaji uangalifu. Kupungua kwa ujazo hupimwa vizuri maabara, lakini majaribio ya vinywani yaliyolinganisha njia hizo mbili kwa miaka kadhaa hayakuonyesha tofauti ya kueleweka. Mwanya peke yake hauozeshi jino. Bakteria lazima wapate sukari, tena mara kwa mara. Ndiyo sababu mtu anayepata matundu mapya kila mara hupoteza vizibo haraka kuliko mwenye kinywa tulivu, hata kama daktari na dawa ni vilevile. Ukubwa pia una uzito wake: kila upande wa jino unaoongezeka kwenye kizibo huongeza hatari ya kushindwa kwa asilimia 30 hadi 40.

Na amalgamu, ile ya rangi ya fedha? Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta kompositi ikishindwa karibu mara mbili zaidi. Waandishi wenyewe walisema uhakika wa ushahidi ni mdogo, na sehemu kubwa ilitokana na majaribio mawili ya watoto, la Marekani na la Ureno. Tafiti nyingine za miaka mingi kwa watu wazima wenye hatari ndogo ya kuoza zimekuta kompositi ikilingana na amalgamu au kuipita.

Jambo moja zaidi, kwa sababu limewagharimu watu meno mazima: mstari wa kahawia kwenye ukingo wa kizibo si lazima uwe uozo. Mara nyingi ni rangi tu iliyoshika kwenye ufa mwembamba wa juu. Kizibo kikitolewa chote kwa sababu hiyo, shimo jipya huwa kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa hakuna anayeweza kung'oa gundi bila kuchukua na jino kidogo.

Daktari wangu hakukitoa chote. Alilitenga gego kwa pazia la mpira, akafungua ule upande wa jirani peke yake, akasafisha uozo, akafunga bamba jembamba la chuma na kabari kati ya meno mawili, kisha akajaza kidogo kidogo, na kila tabaka alilimulika kwa muda akiwa ameikaza taa palepale. Sehemu ya juu, niliyoilaumu kwa kulika, aliiacha, na ndiyo ninayotafunia hadi leo.