Kifo cha baadaye: besi aliyeachiwa mzima na kufa siku ya tatu

Penye mizani ya mashindano ya kuvua samaki aitwaye besi, kila mtu anafurahi. Mvuvi amefika na samaki watano, wote wanapumua. Wamepimwa, wamepigwa picha, wamerudishwa ziwani. Wanapiga mkia mara mbili tatu, wanazama, basi. Siku ya tatu huenda wawili kati yao wanaelea tumbo juu kwenye matete ya upande wa pili, na katika hesabu ya mashindano bado ni samaki wazima.

Wataalamu wa uvuvi wanakiita kifo cha baadaye: samaki kufa saa au siku kadhaa baada ya kuachiwa, kwa madhara aliyoyapata tangu aliponasa kwenye ndoana hadi aliporudishwa majini. Hutofautishwa na kifo cha awali, yaani samaki anayefika mizanini akiwa ameshakufa. Hicho cha awali kinaonekana na mwenye samaki hukatwa uzito. Cha baadaye hakina wa kukishuhudia.

Besi ninayemzungumzia si wa spika. Ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, mdomo mpana, mwindaji mkali, ambaye huko Marekani watu huendesha gari usiku kucha kwenda kushindania. Wakenya wanaye pia: aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929, na huko anaishia kwenye sufuria. Marekani sheria ya mchezo ni nyingine. Ray Scott, aliyeanzisha chama cha wavuvi wa besi cha B.A.S.S. huko Alabama mwaka 1968, alianza mwaka 1972 kuhimiza wavuvi wasiue samaki wao. Tangu hapo boti za mashindano zikawa na tangi ndani yake: samaki wanakaa humo tangu asubuhi, wanapelekwa jukwaani wakiwa hai, wanapimwa, wanaachiwa. Kwa kawaida ni samaki watano kwa boti.

Majira ya kuchipua mpango huo huenda vizuri. Shida inakuja Julai na Agosti. Tunasema “maji baridi” kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, lakini mabwawa ya Texas na Alabama wakati huo yana nyuzijoto 30 juu juu, na hapo ndipo kifo cha baadaye kinapopanda. Ukiuliza sababu moja kubwa kuliko zote, ni joto la maji.

Joto linamkaba samaki pande mbili kwa pamoja. Kwanza, maji ya moto hayashiki oksijeni. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 10 inaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzijoto 30 inabaki 7.5. Pili, mwili wa samaki huenda na joto la maji. Maji yakipanda nyuzijoto 10, mahitaji yake ya oksijeni huongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo chakula kimepungua na walaji wameongezeka. Tena huyu ni samaki aliyetoka kupigana na mshipi. Misuli yake imefanya kazi kuliko pumzi yake, imejaa asidi, na anadaiwa oksijeni kama mkimbiaji aliyeanguka baada ya utepe. Anatakiwa kulipa deni hilo akiwa ndani ya sanduku.

Piga hesabu ya sanduku lenyewe. Tangi la lita 80, maji ya nyuzijoto 30 yaliyoshiba kabisa, lina miligramu 600 za oksijeni kwa jumla. Besi anataka angalau miligramu 5 kwa kila lita ili asiteseke. Maana yake zinazoweza kutumika ni 200 tu, na wanazigawana samaki watano wenye jumla ya kilo saba hivi, wote wanahema. Pampu inayoingiza maji na hewa tangini ikizimwa, akiba hiyo huisha kwa dakika, haingoji saa. Na pampu nyingi zimefungwa saa ya kujiwasha na kujizima ili betri isichoke! Mwezi wa Aprili sawa. Mwezi wa Agosti ni kumziba mtu pua kisha kumwachia, kumziba tena. Iache iendelee muda wote. Betri itachajiwa nyumbani.

Hapa huwa nasikia mtu akisema: mbona kambale sokoni anakaa kwenye beseni lenye maji ya kidole kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni, na ukimgusa anaruka? Kambale ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa ya juu. Besi hana. Yeye ana matamvua tu, na kilichomo ndani ya maji ndicho chake. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, waangalie wanaosafirisha vifaranga vya sato: hawawalishi kabla ya safari, wanaondoka alfajiri, na mfuko wa plastiki unajazwa oksijeni kabla ya kufungwa.

Kumbe kazi yote ya tangi ni kumsaidia samaki kulipa deni. Barafu ni msaada mkubwa, ila kwa kiasi: shusha maji nyuzijoto tatu hadi tano chini ya joto la ziwa, usizidishe, maana kumtoa kwenye supu na kumtia kwenye friji ni pigo jingine, na kumrudisha kwenye supu ni la tatu. Barafu ya dukani mara nyingi imetengenezwa kwa maji ya bomba yenye klorini. Wajanja wanagandisha maji ndani ya chupa za plastiki na kuzitumbukiza zikiwa zimefungwa. Chupa ikiyeyuka unaweka nyingine.

Halafu kuna swali la maji yatoke wapi. Pampu inayovuta kutoka ziwani inaleta maji mapya, lakini ni yale ya juu, ya moto kuliko yote, na boti ikishika mwendo mkali mdomo wa pampu unaweza kutoka majini ukavuta upepo. Ukiyazungusha maji yaleyale unalinda ubaridi, ila samaki wanatoa amonia kupitia matamvua yao, na amonia ikijaa inawachoma. Suluhisho la kati ni kuzungusha, kuweka barafu, na kubadilisha nusu ya maji kila baada ya saa mbili tatu. Wengine huongeza chumvi isiyo na iodini, kiasi cha asilimia 0.3 hadi 0.5, kwa sababu samaki wa maji baridi akichoshwa hupoteza chumvi ya mwili huku maji yakimwingia. Chumvi kidogo tangini humpunguzia kazi. Inasaidia, lakini haichukui nafasi ya oksijeni. Nimeona watu wanabishana chumvi ya aina gani huku pampu imelala.

Kuna madhara mengine ambayo tangi haliwezi kuyafuta. Ute unaofunika ngozi ya samaki ndio kinga yake. Ukimshika kwa mkono mkavu au kumlaza kwenye zulia la boti, unamkwangua, na kuvu humwotea siku chache baadaye. Besi aliyevutwa kutoka kina cha mita nane na zaidi hufika juu kibofu chake cha hewa kimevimba, asiweze kuzama, na jua linamkaanga mgongo akielea. Wenye ujuzi humtoboa kwa sindano kutoa hewa. Asiye na ujuzi atatoboa kitu kingine. Kuna pia kirusi cha besi wa mdomo mpana kilichohusishwa na vifo vingi katika bwawa la Santee Cooper, South Carolina, mwaka 1995. Samaki anaweza kuwa nacho bila kuumwa, mpaka joto na purukushani vimchoshe.

Mwisho wa siku kunakuja foleni ya mizani, ambayo kwangu ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Samaki waliotunzwa kwa muda wa saa saba wanatiwa kwenye mfuko wenye maji kidogo, mwenye mfuko anasimama juani akipiga soga. Mfuko huo hauna pampu. Baada ya dakika mbili umeshaanza kuwa jeneza, kama hakuna beseni lenye hewa la kuuwekea njiani.

Watafiti hupima kifo cha baadaye kwa kuwaweka samaki waliopimwa ndani ya vizimba vya nyavu ziwani kwa siku kadhaa na kuhesabu. Huweka pia kizimba cha samaki ambao hawakupitia mashindano, kwa sababu kizimba chenyewe kinaweza kuua. Bila hicho cha pili, huwezi kujua lawama ni ya nani.

Baadhi ya waandaaji wameamua kuondoa safari yenyewe. Katika mashindano ya Bass Pro Tour, yaliyoanza mwaka 2019, mwamuzi anakaa ndani ya boti, besi anapimwa palepale na kurudishwa majini palepale aliponaswa. Wa mitumbwi ya kayaki hawana hata mizani: wanamlaza samaki kwenye ubao wenye vipimo uliolowanishwa, wanapiga picha, wanamwachia, na mshindi hupatikana kwa sentimita au inchi.