Tabibu si daktari mbichi

Juzi kwenye harusi huku Konde, Pemba, mzee mmoja aliniuliza mbele ya sinia la biriani: "Mwanangu, miaka 23 kituoni, bado tabibu? Hawajakufanya daktari tu?" Aliuliza kwa huruma, kama anayempa mkono mfiwa. Wenzetu wa sinia wakainama kwenye wali, maana nao walikuwa wakilitaka jibu hilo hilo. Nikasema, "Inshaallah, mzee wangu," nikavuta kipande cha nyama. Swali hili nimeshaulizwa na wagonjwa, na mashemeji, hata na sheha. Sasa naliandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Tabibu, yaani mwenye diploma ya miaka 3 anayepima na kutibu, haivi akawa daktari. Si mkungu wa ndizi huu, kwamba ukiuvundika siku zake zikitimia unafunua unakuta mambo yako tayari.

Tatizo ni kwamba ngazi ziko mbili na watu wanaziona moja. Kuna ngazi ya utumishi: daraja la pili, daraja la kwanza, mwandamizi. Hiyo unaipanda kwa miaka na tathmini, na inagusa mshahara. Nimeipanda, alhamdulillahi. Lakini ukifika juu yake kabisa wewe bado ni tabibu, ila tabibu ambaye mwisho wa mwezi hakopi mapema kama zamani. Ngazi ya taaluma ni nyengine, na kila kidato chake ni skuli. Mtu anaweza kukaa juu ya ile ya kwanza na asisogee hata inchi moja kwenye ya pili, na asiwe mvivu wala mjinga. Huyo mtu ni mimi.

Vidato vyenyewe nivipite haraka, vimo kwenye kila tangazo la chuo. Kidato cha nne uwe umefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, na somo jengine lisilo la dini. (Hapo vijana wetu wengi huanguka: Maarifa ya Uislamu ana A inayong'aa, Fizikia kimya.) Halafu diploma ya utabibu, miaka 3. Udaktari ni miaka 5 ya chuo kikuu, na mwaka mmoja wa uintani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, ndipo leseni kamili. Leseni yenyewe hapa Zanzibar ina baraza lake na Bara lina lake, kwa sababu afya si jambo la Muungano, ingawa ule mtihani wa kidato cha nne tunaufanya pamoja nchi nzima. Msiniulize.

Ninapotaka kukaa kidogo ni hapa. Tabibu anaweza kuomba udaktari kwa diploma yake, GPA isipungue 3.0, na vyeti vyake vya kidato cha nne viwe vizuri. Mlango upo. Lakini ukiingia unaanza mwaka wa kwanza. Hakuna atakayekwambia "wewe hili umeshalijua, ruka." Mwenzangu mmoja alikwenda akiwa na miaka 36 na watoto watatu. Akakaa benchi moja na watoto waliotoka kidato cha sita, akafundishwa kupima presha, yeye aliyekwisha kupima presha za shehia nzima. Alivumilia, leo ni daktari, na nampa heshima yake. Lakini miaka yake ya kituoni haikumfikisha pale hata robo ya njia. Kilichomfikisha ni kuanza upya. Kwa hiyo ukiniuliza "hawajakufanya daktari?" mimi nasikia "hawajakufanya rubani?" Hakuna wa kunifanya.

Na neno "msaidizi", linalobandikwa kwenye majina ya kazi kama yetu, ndilo limetia chumvi kidonda. Mpwa wangu ameona mtandaoni kuwa Marekani kuna kazi inaitwa PA, ambayo kwa tafsiri ya haraka ni msaidizi wa daktari, akadhani ni mtu wa kubeba faili. Sivyo. Kazi ile ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dk. Eugene Stead alipochukua wauguzi wa zamani wa jeshi la majini, watu wanne, na watatu wakahitimu mwaka 1967. Leo PA anatakiwa awe na shahada ya kwanza, kisha asome uzamili wa kama miezi 27, afanye mtihani wa taifa, na kila miaka 2 aonyeshe saa 100 za masomo ya kujiendeleza. Anapima, anatibu, anaandika dawa. Mwaka 2021 chama chao kilipiga kura kulibadilisha hilo neno la "msaidizi", maana wagonjwa wao nao walikuwa wakiuliza daktari mwenyewe yuko wapi. Kumbe mzee wangu wa Konde ana ndugu zake huko.

Ninachowaonea wivu si jina wala dola. PA anaweza kutoka chumba cha upasuaji akahamia magonjwa ya ngozi bila kurudi kusomea shahada nyengine, akafundishwa pale pale kazini. Sisi tukitaka kusogea, hata pembeni, ni skuli tena.

Tulikuwa na kidato cha katikati: daktari msaidizi, AMO. Tabibu mwenye uzoefu alirudi chuoni miaka 2, akatoka anaweza kupasua. Utafiti wa hospitali 14 za Mwanza na Kigoma, uliochapishwa 2009, ulikuta kuwa sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi ilikuwa mikononi mwao, na matokeo hayakupishana na ya madaktari. Msaidizi! Anamsaidia nani, saa 8 za usiku, ambapo daktari hayupo? Njia hiyo ikafungwa, na hoja ni kwamba sasa madaktari kamili wanatoka wengi. Mimi siku nyengine naikubali hoja hiyo. Siku nyengine, ninapoandika rufaa ya mama mwenye uchungu uliokwama na gari ya wagonjwa bado haijafika, siikubali hata kidogo.

Lakini nisijifanye shujaa wa uzoefu. Nilianza kazi enzi ambazo homa ilikuwa malaria, na malaria ilikuwa homa. Nilikuwa hodari: namtazama mtoto mlangoni, nishajua. Kisha mwishoni mwa 2003 ikaja dawa mseto, vikafuata vyandarua na kupiga dawa majumbani, na maambukizi ya malaria Zanzibar yakashuka chini ya asilimia moja ya watu. Kilipokuja kipimo cha haraka nikaanza kukosea mbele ya macho yangu mwenyewe. Mtoto namwona malaria tupu, kipimo kinasema hapana. Wa pili, hapana. Nilikuwa nimekusanya uzoefu wa ugonjwa unaoondoka, na katika wale niliowatibu nyuma kwa jicho tu, wangapi walikuwa na nimonia? Sijui, na huwa nikilifikiria usiku silali vizuri. Kijana aliyehitimu mwaka jana ananishinda kwa kuwa hajui kubahatisha.

Basi, mpwa wangu juzi kaniandikia: "Mjomba, nisome utabibu miaka 3 halafu nikafanye mtihani wa PA Marekani, si sawa?" Si sawa, mwanangu. Mtihani ule hawaufungulii ila waliohitimu programu zilizoidhinishwa huko huko, na diploma yetu, pamoja na jasho lake lote, haimo. Nikamwambia anitumie matokeo yake ya kidato cha nne kwanza. Kemia C, Baiolojia C, Fizikia F. Nimemwandikia arudie Fizikia, mengine tutazungumza baadaye. Kanirudishia kikatuni cha mtu analia.