Aílton na mabao yaliyobaki Bremen

Washambuliaji wa Kibrazili waliozunguka dunia ni wengi, lakini ninapofundisha makocha namna ya kumtumia straika anayeishi kwa kasi, mfano ninaourudia kuliko wote ni Aílton Gonçalves da Silva, aliyezaliwa mwaka 1973 huko Mogeiro, katika jimbo la Paraíba. Katika Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, alicheza mechi 219 na kufunga mabao 106, na kati ya hayo 88 aliyafunga akiwa na Werder Bremen. Schalke, Hamburg na Duisburg ziligawana 18 yaliyosalia.

Alitua Bremen mwaka 1998 akitokea Tigres ya Mexico, na mwanzo wake haukuwa wa kutia moyo, kwani Felix Magath, aliyeinoa timu hiyo kwa muda, hakumwamini hata kidogo. Thomas Schaaf, aliyekabidhiwa timu Mei 1999, alimtazama kwa jicho jingine. Uzito wa Aílton ulikuwa gumzo la kila msimu, na mtu aliyemwona akipasha misuli moto angeweza kudhani amealikwa kwenye mechi ya maveterani. Hata hivyo, katika mita ishirini za kwanza mabeki wachache sana walimweza.

Kasi ya namna hiyo haina faida bila mtu wa kuilisha, na hapo ndipo msimu wa 2003/04 unapostahili kutazamwa kwa makini. Schaaf alipanga viungo wanne kwa umbo la almasi: Frank Baumann akikaa chini mbele ya mabeki, Fabian Ernst na Krisztián Lisztes wakifanya kazi ngumu pembeni mwake, na Mfaransa Johan Micoud akicheza namba kumi, yaani kiungo mchezeshaji, nyuma ya washambuliaji wawili. Ivan Klasnić, mshambuliaji mwenzake Aílton, alikuwa akirudi nyuma kidogo kuomba mpira, beki mmoja wa kati akalazimika kumfuata, na katika uwazi aliouacha beki huyo, Aílton alikuwa tayari ameshaanza kukimbia kabla Micoud hajainua kichwa. Aílton hakutakiwa kukaba sana wala kujenga mashambulizi, kwa kuwa kazi hiyo ilifanywa na wenzake nyuma yake. Werder ilifunga mabao 79 katika ligi msimu ule, naye peke yake alifunga 28 na kuwa mfungaji bora.

Tarehe 8 Mei 2004, kwenye Uwanja wa Olimpiki wa Munich, ubingwa ulipatikana mbele ya Bayern yenyewe kwa ushindi wa 3-1. Mpira ulimponyoka kipa wa Bayern, Oliver Kahn, na Klasnić akaadhibu kosa hilo, Micoud akambetulia Kahn kwa bao la pili, na dakika ya 35 Aílton akafunga la tatu. Kwa hesabu ya mbinu mechi ilikuwa imekwisha kabla ya mapumziko. Wiki tatu baadaye wakachukua na Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Alemannia Aachen 3-2, kisha Aílton akawa mgeni wa kwanza kuchaguliwa mwanasoka bora wa mwaka wa Ujerumani.

Kichekesho chake ni kwamba wakati huo wote alikuwa ameshasaini Schalke, ambako angekwenda kama mchezaji huru mkataba wake ukiisha. Brazil nayo haikumwita hata mara moja, jambo ambalo mimi silioni kuwa dhuluma, maana washambuliaji waliokuwa mbele yake walianzia na Ronaldo na Adriano. Mwaka huohuo Qatar ilijaribu kumpa uraia ili aichezee, pamoja na Wabrazili wenzake Dedê na Leandro, na FIFA ikaingilia Machi 2004 kwa kanuni iliyomtaka mchezaji awe na uhusiano wa wazi na nchi husika, ama kwa kuzaliwa, ama kwa wazazi au babu na bibi, ama kwa kuishi huko miaka miwili. Kwa maoni yangu, kanuni hiyo imeacha alama kubwa katika soka kuliko kombe lolote alilobeba.

Akiwa Schalke, Aílton alifunga mabao 14 ya ligi, idadi ya heshima, na sababu si ngumu kuiona: nyuma yake alikuwapo Mbrazili Lincoln, namba kumi wa kweli. Baada ya hapo alihama karibu kila miezi sita, mara nyingi kwa mkopo: Beşiktaş, Hamburg, Red Star Belgrade, Grasshoppers ya Zürich, Duisburg, Metalurh Donetsk, Altach ya Austria, hadi Chongqing nchini China na timu za madaraja ya chini Ujerumani. Straika wa aina yake huhitaji miezi kadhaa ili kiungo ajue anaanza kukimbia lini, na mkataba wa nusu msimu humalizika kabla maelewano hayo hayajapatikana. Umri ulichangia, sikatai, kwa kuwa kasi ndiyo hutangulia kuondoka.

Bremen, kwa upande wao, walimsajili Miroslav Klose, mchezaji wa aina tofauti kabisa, mwenye kichwa hatari na mwepesi wa kucheza na wenzake. Msimu wa 2005/06 alifunga mabao 25 na kuwa mfungaji bora wa Bundesliga, na Micoud alikuwa bado yupo nyuma yake.