Anunnaki hawakuchimba dhahabu: kibao chenyewe kinasemaje?

Swali ninaloletewa kuliko mengine yote, na wachungaji, na masheikh, na vijana ambao hawawasikilizi hao wote wawili, ni hili: je, dini ziliificha habari ya Anunnaki? Video zinazozunguka WhatsApp zimeshajibu. Zinadai Wasumeri, watu wa kale wa kusini ya Iraki, waliandika bila kificho kwamba Anunnaki, viumbe kutoka sayari ya Nibiru, walitua duniani kutafuta dhahabu, wakachoka kuchimba, wakamtengeneza binadamu kwa kuchezea mbegu za uzazi ili awe kibarua wao. Baadaye, eti, Biblia na Kurani zikaifunika habari hiyo kwa Mungu na udongo. Mimi nafundisha lugha za kale za Mashariki ya Kati, Kiakadi, lugha ya Babeli, kikiwamo, kwa hiyo jibu langu ni kukifungua kibao chenyewe cha udongo tusome.

Kwanza tujue umri wa habari yenyewe. Haikutoka Sumeri, ilitoka mwaka 1976, Zecharia Sitchin, mzaliwa wa Baku aliyeishi New York, alipochapisha kitabu chake cha kwanza. Mswisi Erich von Däniken alikuwa ameshawazoesha wasomaji tangu 1968 kuwaza kwamba miungu wa kale walikuwa wanaanga. Sitchin aliongeza mvuto mmoja mkubwa: alidai anavisoma vibao mwenyewe. Kwa hesabu zake, Nibiru hulizunguka jua kila miaka 3,600, wageni walifika miaka 450,000 iliyopita, na machimbo yao yalikuwa kusini mashariki mwa Afrika. Hiyo Afrika nitaigusa mwishoni, maana ndiyo inayoniudhi zaidi.

Andiko analolitegemea ni utenzi wa Atrahasis. Nakala yake mashuhuri iliandikwa kwa Kiakadi, juu ya vibao vitatu vya udongo, na mwandishi aitwaye Ipiq-Aya, katika karne ya 17 kabla ya Kristo huko Babeli. Unaanza zamani zile ambapo miungu ndio waliofanya kazi ya sulubu. Wakubwa, Anunnaki, wamewatwisha wadogo, Igigi, mzigo wote. Igigi wanachimba Hidekeli na Frati, wanachimba mifereji, wanalalamika usiku na mchana. Mwishowe wanagoma. Wanachoma majembe na vikapu vyao moto, wanaizingira nyumba ya Enlil usiku wa manane, na Enlil, bosi mzima, analia. Hapo ndipo Enki, mungu wa hekima, anapotoa shauri: aumbwe mtu abebe kikapu badala ya miungu. Mungu mmoja mwenye akili anachinjwa, mungu wa kike aitwaye Nintu anachanganya nyama na damu yake na udongo, Igigi wanautemea mate udongo huo, na mtu anapatikana.

Sasa tafuta dhahabu humo. Hakuna machimbo, hakuna sayari inayohitaji madini, hakuna mashimo ya Afrika. Kuna matope. Na matope yana maana kwa mtu anayeijua kusini ya Iraki: mvua ni haba, shayiri haioti bila mfereji, na kila mfereji hujaa tope lisipoondolewa. Wakulima wa Babeli waliitwa kwenye kazi hiyo kwa lazima, msimu baada ya msimu. Utenzi unajibu swali la mtu aliyesimama ndani ya mfereji na kikapu kichwani: kwa nini ni mimi? Dhahabu, kwa upande wake, haichimbwi katika uwanda ule wa mchanga na tope. Waliinunua kutoka nje.

Tena majukumu yamegeuzwa. Kwa Sitchin, wachimbaji waliogoma ni Anunnaki, nao Igigi wamebaki angani ndani ya vyombo vyao. Katika kibao, Igigi ndio vibarua na Anunnaki ndio mabwana. Hilo si suala la tafsiri ngumu. Ni sawa na kusimulia Abunuwasi ukamfanya yeye ndiye mfalme.

Kuhusu Nibiru nitasema kwa ufupi. Wanafalaki wa Babeli waliitaja kama nyota ya Marduk, na mara nyingi ni Mshtarii (Jupiter). Sayari walizozijua ni tano zinazoonekana kwa macho. Ule muhuri wa kale ulioko Berlin, VA 243, unaoonyeshwa katika video kama ramani ya sayari kumi na mbili, una maandishi yenye majina ya watu tu. Hayagusi nyota hata kidogo.

Wengine huniambia, "Lakini profesa, nani atathibitisha tafsiri zenu?" Swali la haki. Mwaka 1857 wataalamu wanne, Rawlinson, Hincks, Oppert na Talbot, walipewa andiko moja la Tiglath-Pileser wa Kwanza, mfalme wa Ashuru, kila mmoja akalitafsiri peke yake na kuliwasilisha katika bahasha iliyofungwa. Zilipofunguliwa, tafsiri zilikubaliana katika mambo makuu. Leo kamusi kubwa ya Kiakadi ya Chicago, iliyoanza 1921 na kukamilika karibu miaka 90 baadaye, ipo intaneti bure. Yeyote anaweza kuniumbua.

Waumini nao wanastahili ukweli wote. Udongo upo kweli pande zote: Mwanzo 2 ina mavumbi na pumzi ya uhai, Kurani ina udongo wa mfinyanzi na roho iliyopulizwa. Gharika nayo imo katika vibao vya Babeli. Mwingereza George Smith aliitangaza London mwaka 1872, na watu walishtuka. Sioni haja ya kulikimbia hilo. Penye tofauti ni sababu ya mtu kuwapo. Katika Atrahasis mtu ni mbeba kikapu. Katika Mwanzo ni sura ya Mungu, ingawa naye anapewa bustani ailime na kuitunza. Katika Al-Baqara ni khalifa, na malaika wanauliza itakuwaje.

Nadharia ya wageni huchagua jibu duni kuliko yote, utumwa, kisha hupunguza hata kile ambacho Babeli ilikitoa: akili ya mungu aliyechinjwa. Na ukiuliza Anunnaki wenyewe walitoka wapi, Sitchin anasema uhai ulijitokeza na kukua wenyewe huko Nibiru. Yaani mageuko yanatosha kuwaleta wao kule, ila hayatoshi kumleta mtu wa sasa hapa, ijapokuwa tuna Laetoli, Tanzania, penye nyayo za miaka milioni 3.66, na Jebel Irhoud, Moroko, penye mafuvu ya watu wa miaka kama 300,000.

Sasa Afrika. Huko Mpumalanga, Afrika Kusini, kuna maelfu ya mizunguko ya mawe ambayo wafuasi wa Sitchin wanaiita makazi ya wachimba dhahabu wa Anunnaki. Sehemu moja karibu na Kaapschehoop wameibatiza Kalenda ya Adamu. Wanaakiolojia wanayajua makazi ya mawe ya eneo hilo kwa jina la Bokoni: mazizi ya ng'ombe katikati, nyumba pembeni, njia za mifugo zilizojengewa kuta, matuta ya kilimo milimani, kazi ya wakulima Waafrika kati ya miaka ya 1500 na 1820 hivi. Magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu yalifanyiwa vivyo hivyo. Mjerumani Carl Mauch aliyafikia 1871 akayahusisha na Malkia wa Sheba. Wanaakiolojia Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichimba wakasema ni kazi ya Waafrika, lakini serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kuwabana wanaakiolojia waliosema hivyo, na mmoja wao, Peter Garlake, akaondoka nchini mwaka 1970. Video ya Kalenda ya Adamu niliyotumiwa juzi, aliyenitumia ni Mwafrika mwenzangu.